Wazigula wa Mto Juba: Lugha, Utumwa na Haki ya Uraia katika Nchi ya Tanga

Msomaji wa kurasa hizi amezoea kukuta habari za tungo, za kamusi na za lahaja, na pengine atastaajabu kuona makala juu ya uraia. Lakini uraia ni jambo la lugha kabla ya kuwa jambo la sheria, na katika Mkoa wa Tanga limo shauri moja ambamo lugha na sheria zimekutana uso kwa uso, kwa namna isiyopatikana mahali pengi duniani. Nalo ni shauri la Wazigula waliochukuliwa kutoka nchi iliyo nyuma ya Pangani na Sadani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakauzwa katika bandari za Benadir, wakatoroka, wakakaa katika misitu ya Mto Juba kwa zaidi ya miaka 150, kisha vizazi vyao wakarudi Handeni hali wakimbizi, nao wangali wakisema Kizigula.

Yafaa kwanza tuyatazame maneno yenyewe, maana kila moja lina historia yake. Mji wa Pangani ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyopanda kwenda Kilimanjaro na Umasaini. Pembe zilishuka kwa njia ile, na watumwa vile vile. Na katika miaka ya 1870 na 1880 mashamba ya miwa yalienea katika bonde la mto, nayo yalilimwa kwa mikono ya watumwa. Katika mji wa namna hiyo watu walipangwa kwa majina. Juu alikaa mungwana, mwenye nasaba na mji. Chini alikaa mtumwa, lakini watumwa nao hawakuwa tabaka moja. Aliyeletwa juzi kutoka bara aliitwa mjinga, na neno hili halikuwa na maana ya mpumbavu tu kama tulitumiavyo siku hizi; lilimtaja mgeni asiyejua lugha wala desturi za pwani. Aliyezaliwa nyumbani mwa bwana aliitwa mzalia, naye alijiona bora kuliko mjinga, kwa sababu alisema Kiswahili tangu utotoni na aliweza kusaliwa katika msikiti wa watu. Na nje ya mpango huu wote alikuwako mshenzi, yaani mtu wa bara asiye wa mji. Na kwa watu wa Pangani Mzigula wa Handeni aliingia katika jina hilo bila ya kuulizwa.

Sasa tazama jinsi maneno yalivyogeuka. Mzalia wa karne ya 19 alikuwa mtumwa, ingawa mtumwa wa daraja ya juu. Leo raia wa kuzaliwa ndiye mwenye haki iliyo kamili kuliko wote. Na neno raia lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni ya mchungaji na kundi lake: raia ni yule anayechungwa na mtawala. Zamani za masultani, na hata zamani za Wadachi na Waingereza baada yao, raia alikuwa mtu wa kutii na kulipa kodi. Ilikuwa kazi ya miaka ya 1950 na 1960 kulifanya neno lile lile limtaje mtu mwenye sauti katika serikali yake, na kuliweka karibu nalo neno mwananchi, lililomfanya mtu kuwa mwana wa nchi badala ya kondoo wa mfalme. Sioni kwamba kazi hiyo imekwisha. Harufu ya zizi ingali imo ndani ya neno raia, na mtu aliyepata kusubiri mbele ya dirisha la ofisi ya serikali akiwa na karatasi pungufu mkononi ataelewa nisemayo.

Nchi ya Wazigula ni nchi kavu. Mvua zake ni za kubahatisha, na mkulima wa Handeni tangu zamani ameishi kwa hesabu ya ghala. Katika miaka ya 1830 ghala zilikwisha. Njaa iliyoingia wakati ule imebaki katika masimulizi kwa jina la Kidyakingo, na wanahistoria huiweka karibu na mwaka wa 1836. Jina hili lafasiriwa kwa maana ya kula ngozi. Na anayejua lugha za nchi hizo ataona mara moja kwamba dya ya Kizigula ndiyo la ya Kiswahili, na kingo ndiyo ngozi yetu. Watu waliokula ngozi za wanyama hawakuwa na kitu kingine cha kuuza ila watu. James Giblin, aliyeandika historia ya Handeni kwa uangalifu mkubwa, ameonyesha jinsi watu walivyowekwa rehani kwa jamaa wenye chakula na kwa matajiri wa pwani wakati wa dhiki. Rehani ilikuwa na matumaini ndani yake: mvua itanyesha, deni litalipwa, mtoto atarudi. Mara nyingi hakurudi.

Masimulizi ya Wazigula wa Juba yasema kwamba wazee wao hawakukamatwa vitani. Walipanda vyombo kwa hiari, wakiahidiwa kazi na chakula katika nchi ya kaskazini, na kwamba njaa ikiisha wangerudishwa kwao. Walipofika Barawa na bandari nyingine za Benadir walikuta kwamba wamekwisha uzwa. Siwezi kusema kwamba kila mtu aliyesafirishwa alikwenda kwa njia hiyo, na mtafiti mwenye hadhari atakumbuka kwamba kizazi cha watumwa kina sababu ya kupenda hadithi ya kudanganywa kuliko hadithi ya kuuzwa na ndugu. Lakini hadithi hii yalingana na yale tuyajuayo juu ya rehani, nami naiona kuwa na uzito. Wala isidhaniwe kwamba Wazigula walikuwa watu wa kuonewa tu. Baadaye katika karne ile, walipopata bunduki, baadhi ya wakuu wao waliwavamia jirani zao na kuwauza pwani. Na Mzigula Kisabengo alijijengea mji wenye boma karibu na Morogoro, akikusanya watoro na kutoza ushuru wa misafara. Hao ndio watu, na historia yao haiwi safi kuliko ya wengine kwa sababu ya mateso ya baadhi yao.

Katika Benadir watumwa walilimishwa mashamba ya bonde la Mto Shebelle, yaliyotoa nafaka, ufuta na pamba kwa biashara ya bahari. Huko kizazi cha kwanza cha Wazigula kilifanya shauri la kurudi kwao kwa miguu. Yasimuliwa kwamba aliyewaongoza alikuwa mwanamke, Wanankucha, mwenye uaguzi na cheo cha heshima. Walitoroka, wakaelekea kusini, wakaufikia Mto Juba. Na pale safari ilikoma. Mbele yao palikuwa na nchi kavu ya wafugaji wenye silaha, na kando ya mto palikuwa na msitu mnene wenye mbung'o, ambao wafugaji waliuogopa kwa ajili ya ng'ombe wao. Msitu uliwafaa watoro. Mahali pale paliitwa Gosha, na Wazigula wakafyeka, wakalima mahindi na ndizi, wakajenga vijiji vyao wenyewe. Baada yao wakaja watoro wengine wengi, wenye asili ya Kiyao, Kimakua, Kinyasa na nyinginezo. Na katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 mkuu mashuhuri wa Gosha alikuwa Nassib Bundo, mwenye asili ya Kiyao, aliyeweza kusemezana na wajumbe wa mataifa ya kigeni kama mtawala, kabla ya kufia katika kifungo cha Waitalia mjini Mogadishu mwanzoni mwa karne ya 20.

Mtaalamu wa Italia, Vinigi Grottanelli, aliyakusanya na kuyachapisha masimulizi haya mwaka 1953, na baada yake Francesca Declich alikaa na Wazigula wa Juba akachunguza maisha yao kwa undani. Kutokana na kazi hizo twajua kwamba Wazigula walishika lugha yao, ngoma zao na ukoo wa upande wa mama katika nchi ambamo kila kitu kilihesabiwa kwa ukoo wa baba. Makundi mengine ya Gosha hayakuweza. Kwa vizazi viwili au vitatu waliacha Kiyao na Kimakua wakasema Kisomali cha Maay. Sababu si kwamba Mzigula ana moyo wa chuma kuliko Myao. Ni kwamba Wazigula walifika kwa wingi, kwa wakati mmoja, kutoka mahali pamoja, wakakaa vijiji vya peke yao. Lugha huishi kwa majirani. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu ndani yake mna hatari.

Utumwa ulifutwa kwa sheria za Waitalia mwanzoni mwa karne ya 20, kama ulivyofutwa kwetu Tanganyika kwa amri ya mwaka 1922. Lakini katika miaka ya 1930 serikali ya Kifashisti ilihitaji vibarua kwa mashamba makubwa ya kandokando ya mito, na ikawachukua watu wa Gosha kwa nguvu, wake kwa waume, kwa kisingizio kwamba hao ndio watu wa jembe. Wazee wa Juba waliiita kazi hiyo kolonya, na kumbukumbu zao juu yake zilikuwa chungu kupita kumbukumbu za utumwa wenyewe, maana waliopelekwa walikuwa wameishi katika uhuru waliojitafutia kwa miguu yao.

Jamhuri ya Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960 watu wa Gosha walikuwa raia kwa sheria. Kwa desturi waliitwa jareer, watu wa nywele ngumu, na lilikuwako neno adoon, yaani mtumwa, lililosemwa hadharani au pembeni kwa kadiri ya adabu ya msemaji. Ndoa haikuvuka mpaka huo. Mwaka 1975 ilitungwa sheria iliyoifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na mkulima akatakiwa kuomba hati. Wenye jamaa ofisini wakapata hati za mashamba mazuri ya kando ya mto, na waliolima mashamba yale tangu enzi za babu zao wakaambiwa kwamba hawana karatasi. Hapa yatupasa kusimama kidogo. Hakuna kifungu kilichosema kwamba mtu wa Gosha si sawa na Msomali mwingine. Hakikuhitajiwa. Sheria isiyombagua mtu yeyote, ikiendeshwa na ofisi inayombagua, yatosha kabisa.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, vita vya koo vilishuka katika bonde la Juba. Mwenye ukoo mkubwa alikuwa na watu wa kumlipizia kisasi, na kwa hiyo mnyang'anyi alifikiri mara mbili kabla ya kumgusa. Watu wa Gosha hawakuwa na ukoo wa kuwalipizia. Ghala zao ziliporwa, na njaa ya 1991 na 1992 ikawakuta wakulima wenyewe hawana mbegu. Wengi walikimbilia Kenya, wakakaa katika kambi za Dadaab. Wengine walikuja kwa njia ya bahari hadi Tanzania. Na mkutano wa amani uliofanyika Arta, Djibouti, mwaka 2000 ulipogawa viti vya bunge jipya, koo nne kubwa zilipewa fungu moja moja lililo sawa, na makabila yote yaliyobaki, watu wa Gosha wakiwa miongoni mwao, wakapewa nusu fungu. Mimi sijaona mahali pengine pa siku hizi ambapo ukosefu wa usawa umeandikwa kwa tarakimu iliyo wazi namna hiyo: nne na nusu.

Jina ambalo dunia imewapa wakimbizi hawa, Wabantu wa Somalia, halikutoka Juba. Bantu ni neno lililotolewa na mwanasarufi Wilhelm Bleek katika karne ya 19 ili kutaja jamii ya lugha zenye ngeli, na mtu wa kawaida wa Gosha alikuwa hajalisikia. Mashirika ya misaada ndiyo yaliyolivumisha katika miaka ya 1990, yalipohitaji jina moja la kuandika katika daftari. Hivyo istilahi iliyozaliwa juu ya meza ya mtaalamu wa lugha ikawa kabila, na kabila hilo likawa sababu ya kupewa au kunyimwa nchi. Wenzangu wa kazi hii na watafakari kidogo kabla ya kubuni jina jipya.

Kwanza ilitafutwa nchi ya asili. Msumbiji iliombwa iwapokee, kwa kuwa wengi wa watu wa Gosha walikuwa na asili ya Kimakua na Kiyao, lakini jambo hilo halikutimia. Marekani ikakubali mwaka 1999 kuwapokea watu wapatao 12,000, nao wakaanza kusafirishwa mwaka 2003 baada ya kuhamishiwa kwanza kambi ya Kakuma. Baadhi yao wamefanya makao katika mji wa Lewiston, jimbo la Maine, ambako Catherine Besteman ameandika habari zao. Kwa hiyo siku hizi Kizigula chasemwa penye theluji, na huko watu wa Juba waliapa kiapo cha uraia mbele ya hakimu asiyejua Handeni iko upande gani wa dunia.

Waliokuja Tanga walikuwa wachache zaidi, wapatao 3,000. Waliwekwa katika makazi ya Mkuyu, wilaya ya Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo katika wilaya ile ile, wakapewa ardhi ya kulima na kujenga. Serikali ya Tanzania ilikubali kwamba hao waweza kupewa uraia, na kufikia mwaka 2009 baadhi yao walikuwa wamekwisha upokea. Kwa desturi ya dunia hili ni jambo kubwa. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 wazitaka nchi ziwarahisishie wakimbizi kuingia uraia, lakini nchi zilizofanya hivyo kwa vitendo ni chache, na Tanzania ni moja ya hizo: zaidi ya Warundi 160,000 waliokimbia mwaka 1972 nao walipewa uraia katika miaka iliyofuata.

Watu wa Handeni waliwatambuaje wageni wao? Kwa sikio. Mgeni aliomba mazi, na mwenyeji akamletea maji. Wataalamu wa lugha wana njia ndefu zaidi ya kusema jambo lilo hilo. Kizigula, Kinguu, Kishambala na Kibondei ni lugha za kundi moja, ambalo siku hizi huitwa Seuta, kwa jina la babu anayesimuliwa na watu hao. Katika mpango wa Malcolm Guthrie, Kizigula ni G31, na Kizigula cha Juba, kinachoitwa Mushunguli na Wasomali, kimewekwa ubavuni mwake. Hata jina hilo Mushunguli ni Mzigula lililopita katika kinywa cha Msomali. Kamusi ya Kizigula ya mmisionari W. H. Kisbey ilichapwa mwaka 1906, na anayeilinganisha na usemi wa Juba ataona kwamba maneno ya mwili, ya jamaa na ya shamba yamesimama pale pale. Tofauti iko katika mikopo. Cha Juba kimekopa kwa Kisomali na Kiitalia. Cha Handeni kimekopa kwa Kiswahili, na kimekopa sana, hata vijana wengi wa Handeni siku hizi huchanganya lugha zote mbili katika sentensi moja bila ya kujua. Yaani waliofukuzwa na njaa ndio waliohifadhi, na waliobaki nyumbani ndio waliopoteza. Wenye kuandika juu ya lugha za uhamishoni watatambua kwamba jambo hili si geni.

Lakini sheria haikusikiliza sikio hilo. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 yamtaka mwombaji wa tajinisi awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na miaka 7 katika ile 10 iliyotangulia. Awe na mwenendo mwema. Na awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au Kiingereza. Tazama jambo hili la ajabu. Lugha imo katika sheria, na Kiingereza kimo; Kizigula, lugha ya wilaya ile ile anamoombea mtu huyo uraia, hakimo. Mzee wa Chogo aliyerudi na lugha ya mababu zake ikiwa nzima, kama mtu aliyetunza ufunguo wa nyumba kwa miaka 150, aliambiwa kwamba ufunguo huo si wa mlango huu, akajifunze mwingine. Sisemi kwamba sheria ilikosea kukitaka Kiswahili. Katika nchi ya makabila zaidi ya 120, Kiswahili ndicho kilichowawezesha watu wasiojuana kusimama sawa katika soko, shuleni na mahakamani. Nasema tu kwamba mtu anayeisoma sheria hiyo pale Handeni huisoma kwa namna nyingine.

Na hapa lazima nieleze kwa nini siungi mkono wale wanaosema kwamba Wazigula wa Juba walistahili uraia kwa sababu ya lugha yao. Hoja hiyo yavutia, hasa kwa mtu wa kazi yangu. Lakini katika Gosha alikuwako pia mjukuu wa Myao na mjukuu wa Mmakua, ambao wazee wao waliuzwa katika bandari hizo hizo, wakatorokea msitu ule ule, wakapigwa kolonya pamoja na Wazigula, na mwaka 1991 wakaporwa pamoja nao. Huyo alikuja akisema Kimaay tu. Lugha ya babu yake ilikufa kwa sababu alikosa majirani, si kwa sababu alikosa kuteseka. Kama lugha ndiyo hati, basi aliyenyang'anywa zaidi ndiye atakayepewa kidogo zaidi. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo nilifundishwa katika juma la kwanza kwamba lugha haisafiri katika damu. Ni fundisho dogo, lakini katika mambo ya uraia watu wengi wenye elimu hulisahau.

Ulaya imekwisha lisahau kwa gharama kubwa. Tangu miaka ya 1990 serikali kadha za huko zimetumia uchunguzi wa usemi ili kuamua kama mkimbizi asemaye kwamba ametoka mahali fulani ametoka kweli. Wabajuni wa visiwa vya kusini mwa Somalia wamesikilizwa Kibajuni chao katika mikanda, na mtu aliyeketi mbali akaamua kama ni cha Somalia au cha Kenya, hali Wabajuni wenyewe wamekuwa wakivuka mpaka huo kwa mashua tangu kabla mpaka haujachorwa. Wataalamu wa lugha kutoka nchi mbalimbali walitoa miongozo mwaka 2004 ili kuzuia upuuzi mkubwa zaidi, na mwaka 2014 Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza ililazimika kueleza ni kwa kadiri gani ushahidi wa namna hiyo waweza kutegemewa. Mimi ningependa ushahidi huo utumike kumfungulia mtu mlango, na usitumike kamwe kumfungia.

Nchi ya Tanga imepata kulijaribu swali hili mara moja kabla, na haifai kulisahau jaribio hilo. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 uliijaza nchi watu. Mashamba yalihitaji vibarua, na manamba waliletwa kutoka kila upande, wengine kutoka Msumbiji na Ruanda-Urundi. Katika miaka ya 1950 mashamba ya mkonge ya Tanganyika yaliajiri watu zaidi ya 100,000. Mjini Tanga walikuwako Wahindi wenye maduka ya vizazi viwili vitatu, Waarabu, Wagiriki wenye mashamba, na Waswahili wenye mji. Mswada wa uraia ulipojadiliwa Bungeni mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Julius Nyerere, Waziri Mkuu wa wakati ule, aliwajibu kwa ukali usio wa kawaida yake. Alisema kwamba kumpima mtu kwa rangi ndiyo dhambi ile ile iliyopiganiwa, na kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kuikubali. Mswada ukapita.

Jambo hilo hukumbukwa kama ushindi juu ya ubaguzi wa rangi, na ndivyo lilivyokuwa. Lakini sheria yenyewe ilikuwa na upande wa pili usiosemwa sana. Aliyekuwa raia mara moja siku ya uhuru ni yule aliyezaliwa Tanganyika na ambaye mzazi wake mmoja angalau alizaliwa Tanganyika. Wengine walipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Mwenye duka mjini Tanga alilisoma tangazo hilo katika gazeti, akaenda kwa wakili. Mtoto wa namba aliyezaliwa katika kambi ya mkonge, baba na mama wote wazaliwa wa Msumbiji, alikuwa na haja ile ile ya kujiandikisha. Lakini ni nani aliyemsomea tangazo? Ubishi wote wa Bungeni ulikuwa juu ya rangi ya Mhindi na Mzungu, na Mwafrika asiye na karatasi alipita kati yake bila ya kuonekana, kwa kuwa kila mtu alidhani kwamba Mwafrika ni raia kwa uso wake.

Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia mwaka 1988. Katiba yasema juu ya usawa wa watu wote na juu ya utu wa kila mtu. Na ni neno watu lililotumika, si raia, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hulisikia haraka. Hata hivyo daraja zimebaki. Raia wa tajinisi aweza kunyang'anywa uraia kwa sababu zilizotajwa katika sheria, na raia wa kuzaliwa hawezi. Urais nao ni wa raia wa kuzaliwa. Pangani ya zamani ingeutambua mpango huu: mzalia juu ya mjinga.

Na liko neno moja katika Sheria ya mwaka 1995 ambalo bado linabishaniwa. Kwa maandishi yake, kifungu cha 5 chamhesabu kila aliyezaliwa katika Jamhuri ya Muungano, tangu siku ya Muungano, kuwa raia kwa kuzaliwa, isipokuwa watoto wa mabalozi na wa maadui. Kwa matendo, ofisi zimekuwa zikimtaka mtoto awe na mzazi aliye raia. Watoto waliozaliwa Mkuyu na Chogo kabla ya wazazi wao kupewa uraia wamo katika nafasi iliyo kati ya maandishi na matendo. Wamezaliwa Handeni, katika nchi ambayo mababu zao waliiacha mwaka wa Kidyakingo, na wengi wao sasa ni watu wazima. Kiswahili chao ni cha Tanga, chenye lafudhi ya watu wa Handeni, na mtu akiwasikia katika soko la Korogwe hawezi kuwatofautisha na wenzao.